UZI: Kutambua mti kwa jani. Acha umbo kwanza, tazama jani linapoota

Bwana_Kitalu

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani hapapiti muda bila mtu kurusha picha ya jani moja limelazwa juu ya meza, halafu anauliza: "Huu mti gani?" Majibu yanashuka kama mvua na yote yanapingana. Huyu mwarobaini, yule mlonge, wa tatu anakuambia ni dawa ya tumbo kwao. Siwalaumu wanaojibu. Jani likishachumwa likatengwa na tawi lake, ushahidi mwingi umebaki huko juu mtini.

Mimi naishi kwa kuotesha miche, kwa hiyo hili jambo kwangu ni ugali. Nimeona niweke hapa namna ninavyolitazama jani, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Wengi huanza na umbo: refu, la duara, lenye mfano wa moyo. Umbo mimi naliweka mwisho kabisa, maana ndilo linalodanganya kuliko vyote.

Cha kwanza ni kujua jani linaanzia wapi. Shika hicho unachokiita jani, fuata kikonyo chake mpaka kinapogota kwenye tawi. Hapo kwapani tafuta jicho, kile kinundu kidogo ambacho kikiamka kinatoa tawi jipya au ua. Penye jicho ndipo jani lilipoanzia. Usipoliona jicho, ujue bado uko ndani ya jani na unachoshika ni kipande chake tu, kijijani. Chukua mkwaju. Vile vidogo vidogo vinavyofumba usiku watu huviita majani ya mkwaju, lakini tafuta jicho chini ya kimoja wapo, huna. Vyote vile, jozi 10 na kuendelea kwenye ubavu wa kijiti kimoja, ni jani moja. Na mwishoni linapodondoka, kijiti nacho huachia tawi.

Ukishajua jani ni lipi, sema ni la namna gani. La bapa moja, kama mwembe, mkorosho, mtiki, mfenesi. Au la vijijani vilivyopangwa kando ya kijiti kimoja, kama mwarobaini, mninga, mkongo. Au kijiti chenyewe kimetoa vijiti vingine na vijijani viko huko, kama migunga na mjakaranda. Mlonge unafika hata mgawanyo wa tatu. Au vijijani vyote vinatoka sehemu moja kama vidole, mfano mbuyu na msufi.

Cha pili, majani yamekaaje kwenye tawi? Mawili mawili yakitazamana, au moja huku moja kule kwa kupishana? Hili watu wanalipuuza na ndilo linaokoa muda kuliko yote. Mjakaranda na mkrismasi (huu wa maua mekundu ya Desemba, Delonix regia) bila maua vinawachanganya watu wengi mjini, kwa sababu yote miwili ina majani laini yaliyogawanyika mara mbili. Tazama tawi: mjakaranda majani yanatazamana, mkrismasi yanapishana. Kama bado una shaka, kijijani cha mjakaranda kina ncha kali na kile cha mwisho kabisa ni kikubwa kuliko wenzake. Cha mkrismasi ncha yake ni butu.

Baada ya hapo ndiyo unakuja kwenye ukingo (una meno au umenyooka), mishipa, harufu ukilifikicha, utomvu ukilikata, na mwanga. Mwanga maana yake inua jani ulitazame juani. Mpera, mzambarau, mkarafuu na mkaratusi ni ukoo mmoja, na majani yake yana vitone vya mafuta vinavyopitisha mwanga. Vile vitone ndivyo vinanukia ukifikicha. Ukiona majani yanayotazamana, ukingo hauna meno, kuna vitone, na kuna mshipa mwembamba unaokimbia sambamba na ukingo pembeni kabisa, umeshaingia nyumba ya mizambarau hata kama hujawahi kuuona mti huo.

Tahadhari moja: kufikicha na kunusa sawa, kuonja hapana. Na utomvu mweupe usiuguse ukajifuta macho. Waliowahi kupatwa na maziwa ya mnyaa wanajua.

Karibuni, leteni miti yenu inayowasumbua.

Nyuki_Mkali

Nimekaa siti ya mbele. Shusha nondo mkuu.

Mama_Kihamba

Asante kwa somo. Mimi swali langu ni mwarobaini. Kuna mti jirani kaupanda, anauza majani yake kwa watu wenye malaria akisema ni mwarobaini. Mimi naona majani yake mengi mengi sana, maua ya zambarau yananukia, matunda ya manjano yanabaki mtini hata majani yakiisha. Ni mwarobaini kweli?

Bwana_Kitalu

Dada, huo usinywe wala usimpe mtoto. Kwa maelezo yako ni mmelia, Melia azedarach. Ni ndugu wa mwarobaini, ndiyo maana unafanana nao, ila matunda yake ni sumu kwa binadamu.

Kwenye jani tofauti yake haihitaji darubini. Mwarobaini: kijiti kimoja, vijijani kushoto na kulia, basi. Kila kijijani kimepinda kidogo kama mundu, kina meno, na kitako chake hakiko sawa, upande mmoja mpana kuliko wa pili. Mara nyingi pale mwisho kabisa kijijani cha ncha hakipo. Mmelia: kijiti kikuu kinatoa vijiti vya pembeni, na vijijani vimekaa kwenye hivyo vya pembeni. Ndiyo hayo "mengi mengi" uliyoyaona. Na maua ya mwarobaini ni meupe.

Na hata kama ungekuwa mwarobaini, malaria nenda kapime.

Mkamba_wa_Kitui

Naongezea kutoka Kenya. Huku kwetu kuna ndugu wa tatu, Melia volkensii, sisi twauita mukau. Nao jani lake limegawanyika mara mbili kama la huo mmelia. Ni mti wa ukame, mbao yake nzuri sana na mbuzi wanapewa majani yake kiangazi. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, hapa Kitui wameshughulika nao miaka mingi, miche yake inatafutwa. Sasa mtu akikuuzia mche mdogo akakuambia ni mukau, hakikisha ni mukau, maana hizo Melia mbili zikiwa changa zinashabihiana.

Fundi_Seremala_Tz

Hapa ndipo nasema jani ni kazi ya wasomi. Mimi mti naujua kwa kuukata. Mninga unatoa damu. Mpingo ukiupiga panga unasikia mwenyewe. Na wakati wa kiangazi hayo majani utayatoa wapi? Nenda pori la Tabora mwezi wa nane uniletee jani.

Bwana_Kitalu

Fundi, kwenye hili la kiangazi umeshinda, sibishi. Mbuyu unakaa sehemu kubwa ya mwaka bila jani hata moja na hakuna anayeupotea. Gome, utomvu, tunda, vyote ni ushahidi halali. Mninga majani yakiisha yale matunda ya duara yenye bawa pembeni na manyoya magumu katikati yanabaki yananing'inia, mtu hahitaji kingine.

Ila mti ukiutambua kwa kuukata, umeshaukata. Mimi mteja wangu ana mche wa urefu wa goti. Hauna gome la maana, hauna tunda, hauna damu ya kutosha. Ana majani tu.

Halafu chini ya mti kiangazi kuna nini? Majani makavu. Yaokote, yana vikonyo na mishipa yake bado. Na kuna mti mmoja unaokwenda kinyume na wenzake wote, Faidherbia albida, huu wa jamii ya migunga. Wenyewe unapukutisha majani wakati wa mvua na kuwa kijani kiangazi. Ndiyo maana wakulima wanauacha shambani: mahindi yakiwa yanakua hauna kivuli cha kuyazuia jua.

Kilwa_Kipatimu

Fundi aje huku Kilwa tumfundishe. Tuna misitu ya vijiji na tunapohesabu miti majani ndiyo yanatuamulia myombo na mtondoro, maana gome kwa mgeni yote ni yale yale. Yote miwili jani lake lina vijijani vya jozi jozi bila kimoja cha ncha. Ukitaka kuutambua, tafuta jozi iliyo kubwa. Myombo (Brachystegia spiciformis) una jozi chache, nne hivi, na kubwa kuliko zote ni ile ya mwisho kabisa. Mtondoro (Julbernardia globiflora) jozi kubwa ziko katikati, ya mwisho inapungua. Watoto wa shule tuliwaonyesha mara moja tu na hawakukosea tena.

Na mtu akija mwezi wa tisa au wa kumi kabla ya mvua akaona pori lote jekundu asidhani ni ugonjwa. Ni majani machanga ya miombo yanatoka.

Bwana_Kitalu

Kilwa_Kipatimu, hii ya jozi kubwa iwekwe juu kabisa ya uzi. Ndiyo aina ya alama ninayoitaka, mtu anaihakikisha akiwa amesimama chini ya mti bila kitabu.

Dogo_wa_Mbagala

Wakuu msinicheke. Hapa pwani kuna ile mivinje ya ufukweni. Majani yake si yale marefu membamba kama sindano? Mbona mwalimu wetu alisema si misonobari?

Bwana_Kitalu

Hakuna wa kukucheka, hapo wamejikwaa wakubwa. Okota "sindano" moja ya mvinje. Ivute polepole pande mbili, itakatika vipande vipande kwenye viungo, na kila kiungo kina duara la meno madogo mno. Yale meno ndiyo majani. Kile kirefu cha kijani ulichokishika ni kijitawi kinachofanya kazi ya jani. Sindano ya msonobari haina viungo, na haikai peke yake: huwa zimefungwa pamoja kwenye kiganda kitakoni. Msonobari uliojaa Sao Hill kule Mufindi, Pinus patula, kwa kawaida ni tatu tatu, ndefu, zinaning'inia kama nywele.

Na kwa kuwa umenichokoza nitaje mjanja mwingine wa mjini. Kuna mwakesia wa Australia, Acacia auriculiformis, umepandwa sana Dar na Zanzibar kwa kivuli. Una jani refu lililopinda, lenye mishipa kadhaa inayokwenda sambamba toka kitako hadi ncha. Ukimwambia mtu huo ni ukoo wa migunga anakuona umechanganyikiwa, kwa sababu migunga tunaijua kwa vijijani vidogo. Kumbe lile "jani" ni kikonyo kilichobapa. Otesha mbegu yake uone: mche ukitoka majani yake ya kwanza ni ya vijijani kama mgunga wowote, halafu vikonyo vinaanza kupanuka na vijijani vinatoweka. Kitaluni nimeshuhudia hatua zote kwenye mche mmoja, na kila mara nasimama kutazama.

Nyuki_Mkali

Duh. Kikonyo kimegeuka jani. Hii dunia.

Mla_Mirungi_Mstaafu

Na migunga yenyewe je? Siku hizi nasikia si Acacia tena.

Bwana_Kitalu

Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 ulikubali jina Acacia libaki na ile ya Australia, na mwaka 2011 kule Melbourne ikathibitishwa. Ya kwetu ikagawanywa, sehemu kubwa ikawa Vachellia na Senegalia. Afrika tulinung'unika sana, na haki tulikuwa nayo.

Ila kwa mtu wa porini mgawanyo huu una faida yake, maana unaushika kwa miiba. Miiba mirefu iliyonyooka, miwili miwili chini ya jani, hiyo ni Vachellia. Miiba mifupi iliyopinda kama ndoana, mara nyingi Senegalia. Tena usiharakishe, kwa sababu Vachellia tortilis, ile ya mwavuli ya Serengeti, ina yote miwili kwenye tawi moja, mirefu myeupe na vindoana. Mchanganyiko huo ndio kitambulisho chake.

Binti_wa_Delta

Naona bara mmetamba vya kutosha, ngoja niwalete majini. Mimi ni wa Delta ya Rufiji, na mikoko watu wengi wanaiona kama mti mmoja tu. Bahati nzuri mikoko haipukutishi majani yote, mwaka mzima unaweza kuisoma.

Mkoko wenyewe (Rhizophora) jani lake nchani lina kisindano, ukipitisha kidole kinachoma. Ligeuze, chini utaona vidoa vyeusi vidogo vimetapakaa. Muia, wengine wanaita msinzi, jani linafanana na la mkoko na limechongoka, ila hicho kisindano hakuna. Mkandaa ncha yake ni ya duara, wakati mwingine ina kipengo. Mchu ni rahisi, upande wa chini mweupe wa kijivu, na juu ukipitisha kidole asubuhi unakuta chumvi, mti unaitoa kupitia majani. Mlilana jani nene, linakaribia kuwa duara. Hayo yote majani yanatazamana.

Yanayopishana ni kikandaa, jani dogo nene lenye pengo nchani, na msikundazi, ambao ukiligeuza jani chini linang'aa kama fedha. Mkomafi pia unapishana, nao ndio pekee wenye jani la vijijani, jozi moja au mbili au zaidi kidogo. Ukiona jani la vijijani kwenye mikoko, usitafute mbali.

Bwana Kitalu alisema usionje. Mchu mimi naonja.

Bwana_Kitalu

Binti wa Delta ruhusa unayo, wewe ni mwenyeji wa maji. Wengine wasiige.

Mkulima_Muheza

Mimi nina la machungwa. Tunabebesha mchungwa juu ya shina la limau, halafu baada ya muda chini kunachipua, na kibarua hajui kipi akate. Wengine wanaacha limau linameza mchungwa wote. Jani linasaidia hapa?

Bwana_Kitalu

Kwanza tazama pale paliposhonwa. Chochote kinachochipua chini yake ni cha shina la chini, kata bila kuuliza jina. Lakini kama kovu limeshafutika, chipukizi changa la limau huwa na wekundu wa zambarau, la mchungwa ni kijani tupu. Kisha kikonyo. Ndugu wote wa machungwa wana kiungo pale bapa linapokutana na kikonyo, na kikonyo chenyewe kinaweza kuwa na vibawa pembeni. Mbalungi vibawa vyake ni vipana sana, unaweza kudhani ni majani mawili yameunganishwa. Mchungwa ni vyembamba. Mlimau karibu havipo.

Kijana_wa_Korogwe

Wakuu naomba msaada wa haraka. Nimenunua miche kwenye kitalu kimoja barabarani, nimeambiwa ni mvule, nikaipanda mpakani. Jirani kaja kasema nimeuziwa uongo, maana mvule mkubwa ulio karibu na zahanati majani yake hayana meno, na yangu yana meno kama msumeno na yanakwaruza. Nimepigwa?

Fundi_Seremala_Tz

Umepigwa. Mvule hauna meno.

Bwana_Kitalu

Fundi, taratibu. Meno hayatoshi kuihukumu miche hiyo. Mvule mchanga una meno na unakwaruza, mkubwa unayapoteza na kuwa laini. Miti inayobadilisha majani kwa umri ni mingi. Mbuyu ukitoka kwenye mbegu jani lake ni bapa moja, hivyo vidole vinakuja baadaye, ndiyo maana watu wanang'oa mibuyu midogo wakidhani ni magugu. Mkaratusi aina ya Eucalyptus globulus ukiwa mdogo majani yanatazamana, mapana, yenye rangi ya majivu, hayana kikonyo. Ukikua yanapishana, yanarefuka na kuning'inia. Mfenesi mchanga nao unaweza kutoa majani yenye vipande, huku mkubwa jani lake ni zima. Kwa hiyo kulinganisha mche na mzee wa karibu na zahanati hakukupi jibu.

Nijibu haya matatu. Majani yanapishana au yanatazamana? Ukikata kikonyo unaona maziwa? Na ligeuze jani uniambie mishipa: kuna mmoja mkuu tu katikati, au inatoka zaidi ya mmoja pale kitakoni?

Mama_Kihamba

Nasubiri majibu kama yangu.

Kijana_wa_Korogwe

Nimerudi. Yanapishana. Maziwa yapo, si mengi. Mishipa naona mitatu inaanzia pamoja kitakoni, wa kati ni mkubwa. Kitako chenyewe kama moyo. Na kitu kingine, mche mmoja una jani limegawanyika vipande vitatu na jingine zima, tawi lile lile.

Bwana_Kitalu

Kijana, huo ni mforosadi. Ni ukoo mmoja na mvule, maziwa yote miwili inayo, meno utotoni yote miwili inayo, kwa hiyo aliyekuuzia ama hajui ama anajua sana. Kinachotenganisha ni mishipa. Mvule una mmoja tu wa kati, na kutoka humo inatoka ya pembeni, jozi 10 hadi 20, imenyooka na kwenda sambamba kama reli. Mforosadi una mitatu tangu kitakoni. Na hiyo tabia ya jani zima na lililogawanyika kukaa tawi moja ni yake.

Fundi, jibu lako lilikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Fundi_Seremala_Tz

Nakubali pointi moja tu.

Kijana_wa_Korogwe

Sawa. Sasa nikienda kununua mvule wa kweli nitazame nini, na hii niing'oe?

Bwana_Kitalu

Tazama mshipa mmoja wa kati, ya pembeni mingi iliyonyooka, majani yanayopishana, maziwa. Na usiogope ukiona vinundu vimevimba kwenye majani machanga na ncha. Kuna mdudu anaitwa Phytolyma anayeushambulia mvule mchanga na kusababisha hivyo vinundu. Ni hasara kwa mwenye mche, maana ncha inakufa, kwa hiyo chagua uliopona, ila ukiviona kwa wingi kitaluni ujue angalau jina hawakukudanganya.

Miforosadi usiing'oe. Mpakani inakaa vizuri ukiikata kila mwaka, mbuzi wanakula majani, na ukitaka mingine unachomeka vijiti tu. Ila mbao usitegemee.

Binti_wa_Delta

Matunda yake yanachafua nguo, msianike karibu.